Kituo chetu cha AM kinaishi kwa kuuza saa za hewani. Tuuze na za jioni?

*"Nasimamia vipindi katika kituo kidogo cha redio cha AM, mali ya mtu binafsi. Wasikilizaji wetu wengi wamevuka miaka 60. Matangazo ya biashara yamekauka, tunaishi kwa kuuza saa: saa mbili za asubuhi amechukua mhubiri, saa moja ya mchana muuza dawa za lishe. Sasa mwenye kituo anataka kuuza na za jioni. Watu wa mauzo wanasema vipindi vyetu havina mvuto, sisi tunasema wao hawajui kuuza. Fundi anataka mtambo wenye nguvu mara mbili. Kijana wetu wa mitandao anasema AM imekufa, tuhamie mtandaoni. Mwingine anashauri tupige muziki wa vijana. Nimsikilize nani?"*

Ndugu yangu, nikujibu kwanza kwa mkato, kisha nikupe sababu. Saa za jioni msiziuze kwa sasa. Nguvu ya mtambo msiiongeze. Muziki wa vijana usiuwaze kabisa. Mtandaoni nendeni, ila msihame. Na huo ugomvi wenu na watu wa mauzo hauna mshindi, maana nyote mnauza kitu kimoja: muda ambao mtu anakaa na redio yake bila kugusa kitufe. Vipindi ndivyo vinavyoutengeneza muda huo, mauzo ndiyo yanayougeuza fedha, na saa mlizouza ndizo zinazoutafuna.

Nianze na fundi, maana hoja yake inapimika. Katika AM, sauti husafirishwa kwa kupandisha na kushusha ukubwa wa wimbi. Bahati mbaya, chochote chenye cheche au swichi ya umeme iendayo kasi, iwe chaja ya simu, taa ya LED ya bei rahisi, inveta ya sola au mota ya lifti, nacho hutoa mawimbi yanayochezea ukubwa huohuo. Redio haina namna ya kujua kipi ni mtangazaji na kipi ni chaja. Ni kama kusoma barua usiku huku mtu anaichezea swichi ya taa. FM hubeba sauti kwa kubadilisha kasi ya mtetemo wa wimbi, na redio yake hupuuza mabadiliko ya ukubwa, ndiyo maana mikwaruzo haiigusi sana.

Sasa, kuongeza nguvu ya mtambo mara mbili kunakupa desibeli 3. Wimbi linalomfikia msikilizaji linakua kwa asilimia 41 hivi, na sikio la kawaida hulitambua badiliko hilo kwa shida. Chaja moja mbovu karibu na redio inameza faida yote. Bili ya umeme wa mtambo, yenyewe, haitakuwa na haya: itapanda karibu maradufu. Kama fundi wenu ana hamu ya kazi, mpeleke kwenye antena kwanza. Katika AM mnara wenyewe ndio antena, na chini yake huzikwa nyaya za shaba zinazotawanyika pande zote. Kipimo kinachotajwa sana ni nyaya 120. Shaba huoza, hukatwa na majembe, na zaidi ya yote huibwa. Nyaya hizo zikipungua, sehemu ya nguvu mnayoilipia huishia kupasha udongo joto. Kuzirudisha kunaweza kuwasaidia kuliko mtambo mpya.

Kuhusu muziki. Chaneli za AM zimepangwa kwa kupishana kilohezi 10 katika mabara ya Amerika na 9 sehemu nyingine za dunia. Ili kuzuia kelele na jirani asiingilie, watengenezaji wa redio wamezibana mno: redio nyingi za AM hukata kila sauti iliyo juu ya kilohezi 3 au 4. Hapo ndipo ulipo mng'aro wa matoazi na nyuzi za juu za gitaa, kwa hiyo muziki hutoka kama umefunikwa shuka. Lakini maneno hubaki yanaeleweka, kwani simu ya mezani nayo haikuvuka kilohezi 3.4 na watu walisikilizana miaka yote. Kijana mwenye simu janja ana muziki wote anaoutaka, safi, bila kusubiri zamu ya mtangazaji. Mkimwendea na muziki mtakuwa mnashindana naye mahali ambapo ninyi ni dhaifu kuliko popote, na huku mzee aliyezoea sauti zenu atashangaa amekosea stesheni. Mtapoteza wote wawili.

Hili lilishajaribiwa kwa gharama kubwa. Marekani iliruhusu AM ya stirio, yaani sauti ya njia mbili inayopendeza kwa muziki, mwaka 1982, lakini tume yake ya mawasiliano ikakataa kuchagua mfumo mmoja, ikaacha soko liamue. Soko halikuamua. Tume ilipokuja kuchagua mwaka 1993, wapenda muziki walikuwa wameshahamia FM zamani. Usikilizaji wa FM uliupita wa AM huko mwishoni mwa miaka ya 1970. Kilichoiokoa AM ni maneno. WFAN ya New York ilianza mwaka 1987 kuzungumza michezo mchana na usiku, watu wakacheka, kisha wakaiga. Mwaka huohuo iliondolewa kanuni iliyovitaka vituo vipe nafasi pande zote za hoja zenye mabishano, na mwaka uliofuata kipindi cha Rush Limbaugh, mtangazaji wa mijadala ya siasa, kikaanza kusikika nchi nzima.

Ninamtaja Limbaugh kwa sababu ya mkataba wake, siasa zake hazituhusu hapa. Kituo kidogo kilipewa kipindi kizima bila kutoa fedha. Badala yake kiliachia dakika kadhaa za matangazo ziuzwe na msambazaji wa kipindi hicho. Ilikuwa biashara ya mali kwa mali, na kwa mwenye kituo ilionekana neema: saa tatu za hewani bila mshahara wa mtangazaji. Kilichofuata kilichukua miaka kuonekana. Mtangazaji wa mji akapunguzwa, akafuata wa pili, na mwishowe mamia ya vituo vikawa na sauti moja. Intaneti ilipokuja, msikilizaji akagundua kwamba kipindi kilekile anaweza kukipata popote bila mikwaruzo. Kituo kikabaki na mnara, na hakuna kitu juu ya mnara ambacho hakipatikani kwingine.

Hapo ndipo linapoanza tatizo la matangazo, na naomba uniazime subira kidogo kwa hesabu.

Chukua asubuhi yenu, saa nne tangu kumi na mbili hadi nne. Zina robo saa 16. Tuseme watu 2,000 wanafungulia kituo chenu katika muda huo. Kama kila mmoja anakaa robo saa moja na kuondoka, wastani wa watu walio nanyi kwa wakati wowote ni 125. Kama watu walewale wanakaa saa nzima, wastani ni 500. Hamkuongeza msikilizaji hata mmoja, mna watu walewale na mnara uleule, lakini bidhaa mliyo nayo dukani ni mara nne. Mawakala wakubwa wa matangazo hununua wastani huo wa robo saa. Hata mteja asiyejua takwimu huuhisi mfukoni: tangazo linalopigwa mara moja kila saa, kwa msikilizaji wa robo saa, wengi hawalisikii hata mara moja asubuhi nzima. Mteja anangoja simu, simu haiji, anakuja kuwaambia redio haifanyi kazi. Na kwa kadiri ya alichonunua, anasema kweli.

Sasa ingiza zile saa mbili zilizouzwa katikati ya asubuhi hiyo. Sina neno na mhubiri wala na mahubiri. Wapo watu wanaomsubiri, na hao hukaa. Lakini aliyekuja kwa habari za barabara na hali ya hewa akamkuta mhubiri, anaondoka, na hatoki kwa saa mbili tu. Anajifunza. Baada ya wiki chache kidole chake hakiendi tena kwenye masafa yenu, na saa ya nne, ambayo ni yenu na ina kipindi kizuri, inaanzia kwenye sifuri. Saa iliyouzwa inalipiwa bei yake, lakini gharama yake inalipwa na saa ya jirani. Gharama hiyo haionekani kwenye kitabu chochote cha hesabu, ndiyo maana mwenye kituo anaona kila saa anayoiuza ni faida tupu. Akiuza za jioni, thamani ya zilizobaki itashuka tena, atalazimika kuuza nyingine, na mwisho wa njia hiyo ni kituo chenye wanunuzi wa saa kisicho na wasikilizaji. Siku hiyo hata wanunuzi wa saa huondoka, kwa sababu nao wanahesabu simu na sadaka.

Kuuza saa si dhambi ya kizazi chetu, ikumbukwe. Tangazo linalohesabiwa kuwa la kwanza la kulipia katika redio ya Marekani, lililorushwa na WEAF ya New York tarehe 28 Agosti 1922, lilikuwa hotuba ndefu ya kampuni ya nyumba iliyokuwa ikinadi makazi yake ya Jackson Heights. Redio ilizaliwa na kitu hicho. Tofauti ni kwamba siku zile kusikia chochote hewani kulikuwa maajabu.

Lipo na suala la umri. Wanunuzi wengi wa matangazo hutaka watu wa miaka 25 hadi 54. Msikilizaji wenu akitimiza 55 anafutika kwenye jedwali lao, ingawa siku hiyohiyo anaweza kwenda kununua matairi, bima, miwani na tiketi ya safari kwa fedha zake mwenyewe. Si kweli kwamba mzee hanunui; kilicho kweli ni kwamba dirisha la wakala halimuoni. Kwa hiyo kituo kinachopanga foleni kwenye dirisha hilo kitaendelea kuambiwa arudi kesho. Kazi ya watu wenu wa mauzo ni kumfuata mwenye biashara mwenyewe, yule anayeuza vifaa vya kusaidia kusikia, pembejeo, vipuri, huduma za mazishi, ukarabati wa nyumba. Yeye hajali jedwali. Anajali kama mtu ameingia mlangoni na kusema, "Nimewasikia redioni." Wafundisheni wateja kuuliza swali hilo kaunta na kuandika majibu kwenye daftari. Daftari hilo, likijaa, lina nguvu kuliko takwimu yoyote mtakayoibuni.

Kuna aina ya tangazo ambayo nadhani mnayo tayari: lile ambalo kituo hakilipwi kwa kulipiga bali kwa kila simu inayoletwa, au lile la bei ya kutupa linaloingia popote palipo wazi. Hayo hujaza nafasi, na nafasi tupu inatia aibu, naelewa. Lakini mnakuwa mmebeba hasara ya mteja ninyi wenyewe, na kwa kuwa hulipwa kidogo hupigwa mara nyingi, ndipo msikilizaji anaposikia dawa moja ya viungo mara kumi kabla ya saa sita.

Ninapoombwa ushauri na kituo huwa nataka kwanza rekodi ya saa moja ya asubuhi, isiyohaririwa. Vipindi vyenyewe mara nyingi si vibaya. Sikiliza mapumziko ya matangazo. Mtangazaji anahoji fundi wa mabomba, mazungumzo yamenoga, fundi anaanza kueleza kwa nini maji yananuka, kompyuta inakata sentensi katikati kwa sababu saa imefika. Tangazo la kwanza linapiga kelele kuliko kipindi, msikilizaji ananyoosha mkono kupunguza sauti. La pili linamwalika kwenye tamasha la "Jumamosi hii", na Jumamosi hiyo imepita. La tatu ni dawa ya lishe. Linafuata la kituo chenyewe kujisifu, kisha dawa ileile ya lishe tena. Ukimya wa sekunde nne. Mtangazaji anarudi: "Naam, tunaendelea," bila kusema na nini, na fundi wa mabomba ameshaaga. Maji yalikuwa yananuka kwa nini? Hatutajua.

Dakika sita za namna hiyo huharibu kazi ya dakika ishirini. Kwenye miji ambako usikilizaji hupimwa kwa mita, yaani kifaa anachobeba msikilizaji, kampuni ya Nielsen kwa miaka mingi ilitaka mtu akae angalau dakika tano ndani ya robo saa ndipo ahesabiwe. Kuanzia 2025 imeshusha hadi tatu. Hata kama kwenu hakuna mita, funzo linafaa: mapumziko marefu yakikaa katikati ya robo saa yanaweza kuifuta yote. Yagawanyeni yawe mafupi, na mtangazaji aseme kabla ya kutoka kitu gani hasa kinarudi.

Nikiwa mahali pako ningefanya hivi. Nisingegusa saa za mhubiri leo, kwa sababu ndiye anayelipa umeme na mishahara, na kumfukuza kwa ushujaa ni njia ya haraka ya kufunga kituo. Ningengoja mkataba wake ukaribie kwisha, nimpe saa za pembezoni, alfajiri mapema au Jumapili, kwa bei nafuu kidogo. Wapo watakaokubali, kwani wafuasi wao huwafuata. Wakati huo ningechagua kipande kimoja tu cha siku, asubuhi kwa vyovyote, nikijaze kitu ambacho hakipatikani kwenye simu ya mtu: nani amefariki na mazishi lini, barabara ipi imefungwa, bei za sokoni zimeamkaje, umeme utakatika mtaa gani, diwani aliahidi nini na kimefika wapi. Vipindi hivi havina fahari. Vinataka mtu wa kupiga simu kumi kabla ya jua kuchomoza, na hilo ndilo linalowashinda wasambazaji wa mbali.

Kwenye matangazo, ningeacha kuuza sekunde 30 zilizorekodiwa zikizurura ratiba nzima. Ningeuza udhamini wa kipengele: taarifa ya hali ya hewa inaletwa na fulani, saa moja na dakika kumi, kila siku, na mtangazaji anasoma ujumbe kwa sauti yake mwenyewe, akiwa ameshafika kwenye biashara hiyo na kuona inafanya nini. Wasikilizaji wa AM wamewazoea watangazaji wao kama jamaa wa nyumbani, na imani hiyo ni ya thamani kuliko wingi. Kwa sababu hiyohiyo haichezewi. Muuza dawa za lishe akidai kupitia mtambo wenu kwamba anaponya kisukari au saratani, anayemeza ni mzee wa miaka 70 anayemwamini mtangazaji wenu, na huenda akaacha dawa za daktari. Kateni madai ya kuponya, hata kama mkataba utavunjika. Mamlaka za utangazaji nazo, kwa kawaida, humbana mwenye leseni, si mnunuzi wa saa.

Kuhusu jioni kuna jambo la kiufundi ambalo mwenye kituo huenda halijui. Mchana, tabaka la chini la ionosfia, yaani hewa ya juu sana yenye chaji ya umeme, humeza mawimbi ya AM yanayopanda juu, yanabaki yale yanayotambaa ardhini. Jua likizama tabaka hilo hupotea, mawimbi hupanda hadi tabaka la juu, hudunda, na kushuka mamia ya kilomita mbali, juu ya kituo cha mtu mwingine. Ndiyo sababu leseni nyingi hulazimisha kituo kupunguza nguvu usiku au kuzima kabisa. Someni leseni yenu. Kama mnapunguza nguvu machweo, basi saa za jioni mnazotaka kuuza zinafika eneo dogo kuliko za asubuhi, na mnunuzi asiyeambiwa hilo atakuja kudai fedha zake.

Sasa kijana wa mitandao. Anaposema AM imekufa anatia chumvi, ila hakosi ushahidi. Ufaransa na Ujerumani zilizima vituo vyao vikuu vya masafa ya kati, ambayo ndiyo AM hii, mwishoni mwa 2015. Uingereza, Absolute Radio ilizima yake Januari 2023. Japani, mwaka 2021, vituo 44 kati ya 47 vya biashara vya AM vilitangaza mpango wa kuhamia FM kufikia 2028, sababu kubwa ikiwa gharama ya kuendesha minara mikubwa. Magari ya umeme yamezidisha mambo, kwa kuwa inveta za mota zake humwaga kelele kwenye masafa ya AM. Baadhi ya watengenezaji waliona rahisi kuiondoa AM kuliko kuzika kelele. Ford ilitangaza hivyo mwaka 2023 kisha ikarudi nyuma mwezi Mei baada ya wabunge na watu wa huduma za dharura kupiga kelele. Hoja yao ilikuwa ya maana: mtandao wa simu ukizimika, mnara mmoja wa AM na redio ya betri bado vinafikia watu wengi.

Kwa hiyo anzeni kurusha mtandaoni, ni rahisi na gharama yake ni ndogo. Lakini msitegemee fedha za huko mapema. Kwenye AM mnashindana na vituo vichache. Mtandaoni mnashindana na dunia nzima, na hakuna anayewatafuta asiyewajua. Kinachofanya kazi mtandaoni ni kipande: mahojiano ya fundi wa mabomba yakatwe, yapewe jina linaloeleweka, yawekwe kama podikasti, na mdhamini wake awe yuleyule wa hewani. Watoto wa wasikilizaji wenu walio mbali ndio watakaowasikiliza, kwa ajili ya habari za nyumbani. Muuzieni mteja hewani na mtandaoni kwa pamoja, msitenganishe bei.

FM ndogo ya kurudia matangazo yenu ni njia bora kuliko zote, ikiwa mamlaka yenu inairuhusu. Marekani ilifungua mlango huo kwa upana kuanzia 2015, vituo vya AM vikapewa nafasi ya kupata FM zisizozidi wati 250. Mji wa karibu unawasikia safi, na vijijini AM inaendelea. New York, mmiliki mmoja alikuwa na vituo viwili vya habari: 1010 WINS, aliyoiongezea FM mwaka 2022, na WCBS 880. Agosti 2024 ile ya 880 ndiyo iliyoacha habari baada ya zaidi ya nusu karne. Onyo langu ni moja: kituo kikishapata FM, watu hujisahau, mtambo wa AM unaachwa uchakae, na siku moja mnakuta mna FM ya wati chache inayoshindana na wakubwa.

AM ya kidijitali sitakushauri. Inafanya kazi, WWFD ya Maryland imeijaribu tangu 2018, India imeweka mitambo mingi ya mfumo wa redio ya kidijitali uitwao DRM. Shida ni kwamba ukizima mfumo wa zamani kabisa, redio za wazee wenu zinanyamaza siku hiyohiyo.

Kubana matumizi kunawezekana bila kuumiza vipindi. Sehemu kubwa ya nguvu ya AM, theluthi mbili au zaidi, huenda kwenye wimbi la kubebea, ambalo lenyewe halina ujumbe. Mitambo ya kisasa inaweza kulishusha kulingana na sauti inayopita, na bili ikapungua kwa kiasi kinachoonekana. Na kama kiwanja cha mnara kimezungukwa na mji, huenda kina thamani kuliko kituo. Vipo vituo vilivyouza kiwanja vikahamia kwenye mnara wa mwenzao, masafa mawili juu ya nguzo moja. Kabla ya kuuza saa za jioni, mwenye kituo aulize kwanza kiwanja chake kinaweza kufanya nini.

Mambo matatu yanahitaji mtu wa kuja hapo kimwili. La kwanza ni mhandisi wa AM hasa, mwenye kifaa cha kupima nguvu ya mawimbi, atembee eneo lenu mchana na usiku na akague nyaya za ardhini. Msimpandishe fundi wa kawaida wa kupaka rangi kwenye mnara: mtambo ukiwa unarusha, kuugusa mnara huku umekanyaga ardhi kunaunguza hadi nyama ya ndani. La pili ni mhasibu atakayegawa mapato na gharama kwa kila saa ya siku, maana bila hesabu hiyo wewe na mwenye kituo mtabishana kwa hisia. La tatu ni mwanasheria wa mambo ya utangazaji, kabla ya kutia saini mkataba wowote wa kuuza saa. Mwambie aangalie kama mkataba unaacha kwenu uamuzi wa mwisho juu ya kinachorushwa, kama mnaweza kukata kipindi katikati kukiwa na dharura, na kama mnunuzi anaweza kuiuza tena saa hiyo kwa mtu msiyemjua. Yule wa dawa za lishe mkataba wake upelekeni wiki hii, msisubiri uishe.